Jeli nne za kupimia mwendo wa mwili: ipi itaivumilia hewa ya Nyanda za Juu Kusini?

Ukisoma habari za vihisi vya mwendo vinavyotengenezwa kwa jeli, utaona karibu zote zinajisifia jambo lilelile: kuvutika. Hii inavutika mara kumi, ile mara ishirini, nyingine imefungwa fundo na kuvutwa mbele ya kamera bila kukatika. Ni kweli zinavutika. Ila ngozi ya juu ya goti au kiwiko, mtu akikunja mpaka mwisho, hurefuka kwa nusu hivi tu, na sehemu nyingi za mwili hazifiki hata hapo. Jeli inayoweza kufika mara mbili ya urefu wake inatosha kabisa kumpima binadamu. Kwa hiyo nikiulizwa ipi bora, swali la kuvutika naliweka pembeni. Nauliza itakuwaje saa nane mchana, mwezi wa kumi, pale Uyole, Mbeya, upepo mkavu ukivuma na mtu ameivaa tangu asubuhi.

Ulinganisho huu ni kwa watu wa aina mbili. Kuna mwanafunzi wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, au wa chuo cha Mkwawa, Iringa, anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho, na kuna mtaalamu wa fiziotherapia anayetaka kujua kama mgonjwa wake wa kiharusi anafanya mazoezi nyumbani au anamwambia tu kwamba anafanya.

Jinsi jeli inavyopima

Jeli hizi ni wavu wa polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli, ulioshika kimiminika, na ndani ya kimiminika hicho kuna ioni, chembe zenye chaji ya umeme, zinazotembea. Hakuna waya wala unga wa kaboni humo. Umeme unabebwa na chumvi. Pedi za kunata zinazobandikwa kifuani mgonjwa akipimwa ECG, yaani umeme wa moyo, zina jeli ya ukoo huohuo. Ukiuvuta ukanda wa jeli unarefuka na kukonda kwa wakati mmoja, ujazo ukibaki uleule, hivyo ukinzani wake wa umeme unapanda kwa mraba wa urefu: urefu mara mbili, ukinzani mara nne. Chukua ukanda wa sentimita 5 kwa 1, unene milimita 2, wenye chumvi ya kiasi cha maji ya bahari. Ukiwa umetulia utasoma ohmu 500 hivi. Uvute kwa asilimia 20, utakaribia 720. Arduino ya kawaida, kile kibao kidogo cha kielektroniki cha kusomea vihisi, inaiona tofauti hiyo bila kuhangaika.

Angalia kwamba katika hesabu hiyo jina la polima halikutajwa popote. Jeli zote nne ninazozilinganisha zinafuata mraba uleule, kwa hiyo anayeisifia jeli yake kwa wepesi wa kuhisi anaisifia jiometri. Tofauti zao ziko kwingine.

Ya kwanza ni ya PVA, yaani polivinaili alkoholi, iliyogandishwa na kuyeyushwa kwenye friza, kisha ikalowekwa kwenye gliserini yenye chumvi. Ya pili ni gelatini iliyokazwa kwa salfeti ya amonia, mbolea ileile ya SA ambayo mkulima wa mahindi anaifahamu vizuri. Ya tatu ni mchanganyiko wa polima mbili, poliakrilamaidi na aljineti ya mwani, uliotangazwa na Jeong-Yun Sun, Zhigang Suo, Joost Vlassak na wenzao wa Harvard kwenye jarida la Nature mwaka 2012. Ulivutika zaidi ya mara ishirini ingawa sehemu kubwa yake ilikuwa maji matupu. Ya nne ni ionojeli. Hii haina maji ya chumvi. Wavu wake umeshika chumvi ambayo yenyewe ni kimiminika katika joto la kawaida. Mfano unaotajwa sana ni ule wa Meixiang Wang, Michael Dickey na wenzao wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, wa mwaka 2022.

Kukauka

Naanza hapa kwa sababu miradi mingi ya jeli huku kwetu hufia hapa.

Maji yaliyomo kwenye jeli hutoka mpaka yalingane na unyevu wa hewa. Jeli iliyotiwa chumvi ya mezani peke yake haiwezi kuyashika maji yake hewa ikishuka chini ya unyevu wa asilimia 75 hivi. Na kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba zianze, mchana wa Mbeya, Iringa au Makambako kwenye upepo hushuka chini ya hapo mbali sana. Kinachotokea unaweza kukitazama kwa macho: kwanza kingo za ukanda zinakuwa na utando mweupe wa fuwele za chumvi, halafu pembe zinanyanyuka, halafu ukanda wote unajikunja na kuwa mgumu kama kucha. Kwenye skrini ukinzani unapanda taratibu, mguu haujasogea hata kidogo, na programu inaandika kwamba goti limekunjwa.

Jeli ya tatu, hiyo ya Harvard, katika umbo lake la asili ndiyo inayoumia zaidi, maana karibu asilimia 90 yake ni maji. Watafiti waliifuatilia shida hiyo na kuanza kutumia chumvi zenye uroho wa maji. Lithiamu kloraidi huyashika maji mpaka hewa ifike unyevu wa asilimia 11 hivi. Kalsiamu kloraidi mpaka karibu 30. Lithiamu ni ghali. Kalsiamu ni rahisi kupatikana, lakini kwa jeli hii ina ukorofi wake, kwani ndiyo inayofunga minyororo ya aljineti. Kidogo kinaifunga vizuri. Ukiiloweka kwenye kalsiamu nyingi wavu unakaza kupita kiasi na jeli inapoteza ulaini ulioutafuta.

Gelatini yenye SA nayo hukauka, kwani SA haishiki maji kuliko chumvi ya mezani. Kuna wanaofikiri kuiokoa kwa kuongeza kalsiamu kloraidi. Usifanye hivyo. Kalsiamu na salfeti zikikutana zinatoa jasi, na ukanda wako uliokuwa unang'aa unageuka mweupe kama ukuta. Gelatini ipewe gliserini.

Na gliserini ndiyo inayoipa PVA ushindi katika kundi la jeli za bei ndogo. Haivukizi kwa joto letu, na inayazuia maji yasikimbie. Haina maana kwamba jeli haipotezi kitu. Siku ya kwanza hupungua uzito, halafu inatulia. Kwa hiyo iache wazi kwenye chumba utakachoitumia mpaka mzani usione mabadiliko, ndipo ufanye vipimo vya mwanzo. Ukipima ikiwa mbichi, namba zako zote zitahama kesho yake.

Ionojeli katika suala hili haina mpinzani. Kimiminika chake hakivukizi, basi. Ingekuwa kukauka ndiyo habari yote, ningeishia hapa.

Lakini teremka mlima. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na Kyela iko chini kando ya Ziwa Nyasa, joto na unyevu vikiwa pamoja. Huko tatizo linageuka kichwa chini. Jeli yenye kalsiamu kloraidi inakunywa hewa mpaka inatoa matone. Yenye gliserini nyingi inavimba na kunatanata. Hata ionojeli ile ya 2022 imetengenezwa kwa kimiminika kinachopenda maji, na kikinywa unyevu ugumu wake unapungua. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mtu anayetaka jeli ni anakaa wapi na ataitumia mwezi gani. Anayejibu "Kyela, mwezi wa tatu" na anayejibu "Njombe, mwezi wa tisa" hawawezi kupewa kitu kimoja.

Kuna njia ya kupunguza tatizo pande zote mbili: kuifunika. Hapa watu hukimbilia silikoni, kwa kuwa inavutika na haipitishi maji ya bomba. Mvuke lakini inapitisha, tena kwa urahisi, na jeli iliyofunikwa kwa silikoni hukauka ikiwa imefunikwa hivyohivyo. Mpira unaozuia mvuke ni wa butili, huo uliomo kwenye tyubu nyingi za magari na baiskeli. Ni mzito kidogo kwa kidole, ila kwa kiwiko unafaa.

Dada mmoja wa fiziotherapia aliniuliza swali ambalo makala nyingi hulipita haraka: "Kaka, na jasho je?" Jasho ni maji ya chumvi. Likitanda juu ya jeli isiyofunikwa linafungua njia ya pili ya umeme kando ya jeli, na ukinzani unashuka wakati ulipaswa kupanda. Tena linaosha chumvi iliyomo ndani. Kwa mtu anayefanya mazoezi, kifuniko ni lazima, uwe umechagua jeli yoyote.

Uimara na bei yake

Wazo lililoziokoa jeli hizi na sifa ya kuchanika ovyo lilitoka kwa Jian Ping Gong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, mwaka 2003. Waliweka nyavu mbili kwenye jeli moja: wa kwanza mgumu, unaokubali kuvunjika, wa pili mlaini na mrefu, unaobaki umeshikilia. Ufa ukianza, nishati inaishia kuvunja vifungo vya wavu wa kwanza katika eneo pana badala ya kusukuma ufa mbele. Poliakrilamaidi ya kawaida huchanika kwa jouli 100 hivi kwa kila mita ya mraba ya ufa. Ile ya Harvard ilifika karibu 9,000, jirani na mpira wa asili. Ionojeli ya 2022 ikapita 20,000, na ujanja wake ni wa kupendeza: akrilamaidi na asidi ya akriliki zinaunganishwa ndani ya kimiminika kimoja cha ioni ambacho sehemu moja ya polima inayeyuka humo na nyingine haiyeyuki. Isiyoyeyuka inajikusanya kuwa vinundu vigumu, inayoyeyuka inabaki laini katikati yake.

Wengi husoma namba hizo na kuchagua kubwa kuliko zote. Tatizo ni kwamba uimara wa namna hii unatokana na vifungo kuvunjika, na vifungo vilivyovunjika havirudi papo hapo. Wale wa Harvard walipoiweka jeli yao kwenye nyuzi joto 80 kwa siku nzima baada ya kuivuta, ilirejesha karibu robo tatu ya kazi ya mvuto wa kwanza. Kidole cha mgonjwa anayekunja na kukunjua kila baada ya sekunde tatu hakina siku nzima ya kusubiri. Ukanda unabaki mrefu kidogo kuliko ulivyofungwa, unalegea, na nyuzi za mwanzo za pembe ya kila mkunjo zinaishia kuondoa ulegevu badala ya kusomeka. Kwenye grafu utaona sehemu ya chini imelala bapa, na hapo mwanafunzi anaanza kulaumu msimbo wake.

Dawa ipo na haina gharama. Uvute ukanda mara kadhaa kupita kiasi utakachotumia, uache utulie, halafu ufunge ukiwa tayari umevutika kwa asilimia kumi hivi. Vifungo vya kuvunjika vivunjike mezani, si mwilini. Lakini ukishafanya hivyo umekwisha kuitoa sehemu ya uimara ule uliokuvutia, na ndiyo maana kwa vihisi vya mwili nawaambia watu wasiukimbilie ushindani huo.

PVA iliyogandishwa ina tabia tofauti. Kinachoishikiza ni fuwele ndogondogo za polima yenyewe, na kwa mvuto wa chini ya nusu, ambao ndio wa mwili, hurudi vizuri. Chumvi nyingi huikaza zaidi kwa kusukuma minyororo ikaribiane. Kundi la Ximin He wa UCLA mwaka 2021 lilionyesha kwamba kugandisha kwa mwelekeo mmoja na kukaza kwa chumvi kunaweza kuifikisha PVA peke yake kwenye uimara wa ajabu. Huhitaji kufika huko. Gelatini iliyolowekwa SA nayo hukaza mpaka unashangaa kwamba ni kitu kilekile cha kupikia, ila ubora wake hutofautiana bechi kwa bechi kuliko PVA.

Na nikuambie mahali jeli hukatika kwa kweli: kwenye elektrodi, yaani pale chuma cha waya kinapoigusa jeli, na kwenye jino lililoachwa na mkasi. Usikate ukanda kwa mkasi. Weka wembe mpya juu yake, bonyeza mara moja mpaka chini, usiburute. Bora zaidi, umimine kwenye kibati chenye umbo la mfupa, ncha pana na katikati pembamba, ili ncha zishikwe na waya na katikati ndiko kuvutike.

Asubuhi ya Julai

Joto likipanda nyuzi moja, maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi kwa asilimia 2 hivi. Inaonekana ndogo. Asubuhi ya Julai Mbeya inaweza kuwa nyuzi 8, mchana 22. Hiyo peke yake inatosha kushusha ukinzani kwa karibu robo. Ukikumbuka kwamba mvuto wa asilimia 20 uliinua ukinzani kwa asilimia 44, utaona jinsi hali ya hewa inavyoweza kumeza sehemu kubwa ya kile ulichotaka kupima. Gliserini inazidisha tatizo, maana kwenye baridi inakuwa nzito na ioni zinatembea kwa taabu. Ionojeli nayo ina ugonjwa huohuo, hakuna iliyopona.

Kinachosaidia ni kwamba ngozi chini ya nguo hukaa kwenye nyuzi thelathini na kitu. Vaa, subiri robo saa, ndipo uanze kurekodi. Njia ya uhakika zaidi ni kuweka ukanda wa pili, wa jeli ileile, mahali pasipovutika kandokando ya ule unaopima, na kusoma uwiano wa vile viwili. Joto linagusa vyote sawa. Mkunjo unagusa kimoja.

Kuganda kwenyewe si shida kubwa kama watu wanavyohofia, labda kifaa kikilala nje Kitulo au Makete usiku wa barafu. PVA yenye gliserini nusu kwa nusu na maji haigandi mpaka nyuzi 23 hivi chini ya sifuri.

Kutengeneza

Namba hiyo ya mwisho ina mtego ndani yake. Friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 chini ya sifuri. Ukichanganya gliserini nusu kwa nusu mwanzoni na kuiweka PVA kwenye friza hiyo, mchanganyiko hautaganda sawasawa, na bila kuganda fuwele za kuishikiza jeli hazijengeki vizuri. Kwa hiyo fuata mpangilio: kwanza PVA na maji tu, gandisha usiku kucha, yeyusha, rudia mara mbili tatu mpaka ishike, ndipo uloweke kwenye gliserini, maji na chumvi ili vibadilishane ndani yake. Umeme ukikatika wakati wa kuyeyusha, acha iendelee polepole; kuyeyuka taratibu ndiko kunakoipa nguvu.

Mtego wa pili ni wa dukani. Gundi nyeupe ya mbao au ya shule iliyoandikwa PVA mara nyingi ni polivinaili asiteti, kitu kingine kabisa, na haitatoa jeli hata ukiigandisha mwaka mzima. Unachotaka ni unga au chembe nyeupe za polivinaili alkoholi, aina iliyokamilika kuondolewa asiteti. Na unga huo unahitaji joto la nyuzi 90 hivi ili uyeyuke. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu. Sufuria juu ya sufuria inafaa, lakini funika, koroga kwa uvumilivu, na usitegemee muda ulioandikwa na mtu wa pwani.

Gelatini ni rahisi kuliko zote. Maji ya moto, koroga, mimina, ikishika uitumbukize kwenye SA iliyokolea. Mbili za kukumbuka: bila SA inalegea kwenye joto la ngozi, na mbolea ya dukani si safi, kwa hiyo chuja na usiigusishe ngozi yenye kidonda. Uliza pia gelatini imetoka kwa mnyama gani kabla hujamfunga nayo mtu. Wapo wasiotaka ya nguruwe, na wana haki ya kujua.

Akrilamaidi si ya jikoni. Ikishaungana kuwa polima imetulia, lakini ikiwa bado unga ni sumu ya neva inayopenya ngozi, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kundi la 2A, la vitu vinavyodhaniwa kwa nguvu kusababisha saratani. Inataka glavu, kabati la kuvuta hewa, na mtu anayejua kutunza mabaki. Hewa ya oksijeni pia huizuia isiungane, ndiyo maana bechi ya mwanafunzi hutoka na uso wa ute. Kuagiza kemikali kama hiyo kunapitia Mkemia Mkuu wa Serikali, anza mapema.

Wengine wananiambia tuache aljineti ya kuagiza tutumie mwani wa Zanzibar. Mwani unaolimwa kule ni mwekundu na hutoa karajinani. Aljineti hutoka kwenye mwani wa kahawia. Karajinani yenyewe, ile ya aina ya kappa, inaweza kufanya kazi ya wavu wa kwanza, ikifungwa kwa potasiamu. Huo ni mradi mzuri wa mtu, lakini ni jeli nyingine.

Ionojeli nitaipita haraka: kimiminika chake kinaagizwa nje kwa vichupa vidogo vya bei kubwa, na ile ya 2022 inahitaji akrilamaidi vilevile.

Kwenye umeme, zote nne zina sharti moja. Usizisome kwa mkondo wa moja kwa moja. Ioni zitarundikana kwenye elektrodi, maji yataanza kupasuka kuwa gesi, na waya wa shaba utageuka kijani ndani ya jeli. Tumia pini mbili za Arduino zinazobadilishana chanya na hasi kwa kasi, volti ndogo, na elektrodi za chuma kisichoshika kutu au vifungo vya pedi za ECG.

Nani achukue ipi

Nianze na anayetaka kuhesabu mikunjo ya goti. Usitumie jeli. Chukua vijisahani viwili vya MPU-6050, vihisi vya mwendo na mzunguko, kimoja pajani kimoja muundini, upate pembe kwa hesabu. Havikauki, havijali Kyela wala Njombe. Jeli ina faida pale ambapo kitu kigumu hakikai: kidole cha mgonjwa wa kiharusi, koo wakati wa kumeza, kifua kinachopanda kwa pumzi, shavu.

Kwa hayo, anayeishi kuanzia Iringa mpaka Mbeya kwenye ukanda wa juu, achukue PVA yenye gliserini, afunike, aweke ukanda wa pili wa kulinganishia joto. Mwanafunzi wa sekondari au wa mwaka wa kwanza anayetaka kuelewa tu kanuni ya mraba aanze na gelatini, aione inavyofanya kazi, aitupe. Jeli ya Harvard nampa mwenye maabara ya kweli na swali kuhusu uimara wenyewe, si mwenye mgonjwa anayesubiri. Kwa Kyela na Tukuyu napunguza gliserini mpaka robo hivi, naacha kabisa kalsiamu kloraidi, na fedha ninayookoa naiweka kwenye kifuniko cha butili.

Ionojeli iende kwa mwenye ufadhili na kifaa kitakachokaa mwilini miezi, mahali pakavu. Na yeyote kati yao atakayetaka kumfunga mgonjwa kwa ajili ya utafiti, apate kwanza kibali cha maadili. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana kituo Mbeya. Wakati kibali kinashughulikiwa, kidole chako mwenyewe hakihitaji barua.